Kusoma, Gũthoma, Kusomesha: Kitenzi Kimoja Kutoka Pwani hadi Kutus

Kitenzi cha Kiingereza "read", ambacho mwanafunzi wa Kenya hukutana nacho katika wiki zake za kwanza darasani na ambacho walimu hukifasiri kwa neno moja tu la Kiswahili, yaani kusoma, hapo zamani hakikuhusu maandishi hata kidogo. Katika Kiingereza cha Kale, lugha iliyosemwa Uingereza zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, umbo lake lilikuwa "rǣdan", na maana zake za awali zilikuwa kushauri, kukisia, kufasiri jambo lililofichika na kufumbua fumbo. Ndugu yake wa Kijerumani, "raten", bado anabeba maana mbili za kwanza hadi leo, kwa kuwa Mjerumani hulitumia neno hilo anapompa mtu ushauri na pia anapobahatisha jibu, na jengo la baraza la mji huitwa "Rathaus", nyumba ya mashauri. Mfalme Æthelred, aliyetawala Uingereza kuanzia mwaka 978 na kufariki mwaka 1016, alipewa lakabu ya "Unræd", na wengi wanaoikuta lakabu hiyo katika vitabu vya historia hudhani ilimwita mtu asiyejiandaa, ilhali ilimaanisha mwenye ushauri mbaya, kejeli iliyojengwa juu ya jina lake lenyewe, ambalo maana yake ni ushauri wa kiungwana.

Neno la Kiingereza la kitendawili, "riddle", limetoka katika mzizi huohuo. Waingereza wa kale walipoona alama zilizochongwa juu ya mti au jiwe, walizichukulia kama fumbo linalomngoja mwenye akili ya kulifumbua, na ndiyo maana walichukua kitenzi cha kufumbua wakakivika kazi mpya ya kupitisha macho juu ya herufi. Jirani zao hawakufuata njia hiyo. Wajerumani, Waholanzi na Waswidi waliteua kitenzi kilichomaanisha kukusanya au kuokota, na Warumi walikuwa wamekwisha kufanya vivyo hivyo kabla yao, kwa kuwa "legere" ya Kilatini ilitumika kwa mtu anayechuma matunda na pia kwa mtu anayefuata mistari ya maandishi, akiziokota herufi moja baada ya nyingine. Kutokana na "legere" yametokea maneno ya Kiingereza yanayotaja mhadhara na somo, kwa hiyo mhadhiri anayesimama mbele ya wanafunzi wake anaitwa kwa Kiingereza, bila kujua, kwa jina lililotokana na kazi ya mchumaji.

Mfano huo wa Warumi una maana ya pekee katika mji wa Kutus, Kaunti ya Kirinyaga, ambako mashamba ya kahawa yanapanda kuelekea Kabare na Kerugoya, na tambarare za mpunga za Mwea zinaanza upande wa chini. Wakati wa mavuno, mchumaji huingia shambani alfajiri na kuchagua tunda jekundu akiliacha la kijani, naye hulipwa kwa idadi ya madebe aliyojaza. Kazi hiyo ya jicho kuchagua na mkono kufuata ndiyo Warumi waliyoiona kuwa sawa na kusoma. Hata hivyo, watu wa mlimani, yaani Wagĩkũyũ wanaoishi kando ya Mlima Kenya, hawakulipata neno lao la kusoma kutoka shambani, bali walilipokea kutoka mbali, tena likiwa limekwisha kujazwa maana za watu wengine, na historia ya namna walivyolipokea na kuligeuza ndiyo inayostahili kuelezwa kwa utulivu.

Ni kosa kudhani kwamba kabla ya neno hilo kufika hapakuwapo kitu chochote mlimani kilichofanana na kusoma. Wagĩkũyũ walikuwa na gĩcandĩ, kibuyu kilichochorwa alama juu ya ganda lake na kutiwa punje ndani ili kitoe sauti kinapotikiswa, ambacho waimbaji wawili walikitumia kushindana hadharani kwa mashairi ya mafumbo, mmoja akitega na mwingine akitegua, huku alama za kibuyuni zikishikilia mpangilio wa utungo. William Scoresby Routledge na mkewe Katherine, walioishi Nyeri mwanzoni mwa karne ya 20, walikieleza kibuyu hiki katika kitabu chao cha mwaka 1910. Mmishonari wa shirika la Kikatoliki la Konsolata, Vittorio Merlo Pick, alichapisha mwaka 1973 kitabu kizima kuhusu gĩcandĩ na ndaĩ, yaani vitendawili. Na Kimani Njogu, mtaalamu wa Kiswahili na fasihi, aliuchunguza utanzu huu katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Yale miaka ya 1990. Ngũgĩ wa Thiong'o naye alimfanya mchezaji wa gĩcandĩ kuwa msimulizi wa riwaya yake ya Caitaani Mũtharaba-inĩ, iliyotoka mwaka 1980. Mwimbaji aliyekodolea macho alama za kibuyu na kuzigeuza kuwa maneno yaliyomtaka mwenzake afumbue fumbo alikuwa akifanya hasa kile ambacho Mwingereza wa kale angekiita "rǣdan", na ni vigumu kupata popote mfano ulio wazi kuliko huo wa maana ya kwanza ya kitenzi cha Kiingereza.

Zaidi ya hapo, lugha ya Kigĩkũyũ ina jozi ya vitenzi vinavyotofautiana kwa urefu wa irabu tu, gũtara, maana yake kuhesabu, na gũtaara, maana yake kushauri au kumweleza mtu jambo mpaka alielewe. Mũndũ mũgo, yaani mganga na mpiga bao, alimwaga mbũgũ, punje zake za kutazamia, akazihesabu kwa mafungu, na kutokana na hesabu hiyo akamshauri aliyemjia. Hakuna haja ya kudai kwamba vitenzi hivyo viwili vina asili moja. Inatosha kuona kwamba hesabu, ushauri na ufumbuzi wa alama vilikuwa vimekwisha kukaa pamoja katika maisha ya watu wa mlimani, na kila kimoja kilikuwa na neno lake.

Neno lililokuja baadaye lilitoka pwani. Kusoma kwa Waswahili, tangu kamusi za karne ya 19 zilipoanza kulirekodi, hakukuwa na maana ya kutambua herufi peke yake, kwa kuwa mtoto wa Lamu, Mombasa au Unguja alisoma kwa sauti, chuoni, mbele ya mwalimu, na alichosoma kwanza kilikuwa Kurani. Kutokana na hali hiyo, kitenzi kilibeba ibada ndani yake: watu husoma maulidi, husoma hitima kwa ajili ya marehemu, husoma dua, na mgonjwa husomewa ili apate nafuu. Kisomo, nomino inayotokana na kitenzi hicho, kiliweza kuwa mkusanyiko wa watu waliokaa mkekani wakisoma pamoja, na uhusiano huu wa sauti, ibada na maandishi unafanana na ule wa Kiarabu, ambamo jina lenyewe la Kurani limetokana na kitenzi cha kusoma kwa sauti. Baadaye sana, Tanzania ilipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima na kuanzisha kisomo chenye manufaa, yaani mafunzo ya kusoma na kuandika yaliyofungamanishwa na kilimo na afya, neno hilohilo la mkekani lilihamishiwa kwenye madarasa ya wakulima chini ya miembe, na hakuna aliyeliona geni.

Wafanyabiashara wa pwani walipoingia bara, kitenzi kiliingia pamoja nao, na kila lugha ilikifinyanga kwa namna yake. Wajaluo husema "somo", Wanyarwanda husema "gusoma", neno ambalo kwao humaanisha pia kupiga funda la kinywaji na kubusu. Mfano mkubwa kuliko yote ni Buganda, ambako wamishonari wa Kianglikana walifika mwaka 1877 na wa Kikatoliki mwaka 1879, wakakuta Uislamu umekwisha kuzoeleka ikuluni kwa Kabaka Muteesa wa Kwanza, na kusoma kumekwisha kuwa jina la kufuata dini ya kitabu. Waumini wapya waliitwa "abasomi", wasomaji, na hadi leo Mganda anaweza kutumia kitenzi hicho kwa maana ya kwenda kusali. Vijana waliouawa kati ya mwaka 1885 na 1887 kwa amri ya Kabaka Mwanga walijulikana kwa jina hilo, kwa hiyo pale Buganda kusoma kulifika mahali ambapo mtu aliweza kukufia.

Mlimani, sauti ya kitenzi ilibadilika kabla ya maana yake. Kigĩkũyũ hakina sauti ya s, na maneno mengi ya Kiswahili yaliyoingia na sauti hiyo yalipewa th, ambayo hutamkwa karibu na dh ya neno dhahabu: saa ikawa thaa, sabuni ikawa thabuni, simu ikawa thimũ, serikali ikawa thirikari na soko likawa thoko. Kusoma, kwa kanuni hiyohiyo, kukawa gũthoma. Kiambishi cha mwanzo nacho kiligeuka kutoka kũ hadi gũ, na sababu yake ni kanuni ambayo wanaisimu huiita Sheria ya Dahl, kwa heshima ya mmishonari Mjerumani Edmund Dahl aliyeigundua katika lugha ya Kinyamwezi. Sheria hiyo hulainisha k ya kiambishi na kuifanya g pale ambapo shina linalofuata linaanza kwa sauti sighuna, yaani sauti isiyotetemesha nyuzi za koo, na th ya Kigĩkũyũ, ingawa leo hutetemesha koo, bado huhesabiwa katika kundi hilo. Ndiyo maana kulima ni kũrĩma na kununua ni kũgũra, lakini kusoma ni gũthoma, na ndiyo maana pia Mswahili husema Kikuyu huku mwenye lugha akijiita Mũgĩkũyũ. Neno geni lilitii sheria za nyumba liliyoingia, na hiyo ni dalili kwamba wenye nyumba walikusudia kukaa nalo.

Maana iliyolisindikiza ilikuwa ile ya Buganda. Jumuiya ya Misheni ya Kanisa la Uingereza, iliyojulikana kwa herufi CMS, ilifungua kituo cha Kabare, upande wa juu wa Kutus, mwaka 1910, katika kipindi kilekile ambacho Kanisa la Scotland lilikuwa likijijenga Tumutumu na Wakonsolata wakienea kutoka Nyeri. Waliojiunga na vituo hivyo waliitwa athomi, wingi wa mũthomi, na neno hilo lilimtaja mtu kwa ujumla wake: aliyejua herufi, aliyevaa shati na suruali, aliyejenga nyumba ya pembe nne mahali pa ile ya mviringo, aliyekataa kushiriki tambiko za wazazi wake. Kwa Waprotestanti, kubatizwa bila kujua kusoma kulikuwa jambo gumu, hivyo darasa na kanisa vilikuwa mlango mmoja. Agano Jipya kwa Kigĩkũyũ lilipotoka mwaka 1926, athomi walipata kitabu kikubwa cha kusoma kwa lugha yao wenyewe, na jambo ambalo wamishonari hawakulitarajia ni kwamba mtu anayeweza kujisomea anaweza pia kuhoji tafsiri ya anayemfundisha.

Hoja hiyo ilipasuka mwaka 1929, wakati misheni kadhaa zilipowataka waumini waukane ukeketaji kwa kutia sahihi. Wengi waliokubali waliweka alama ya kidole gumba, kĩrore, na wakaitwa kwa jina la alama hiyo; waliokataa walijiita karĩng'a, watu halisi wasiochanganyika, wakatoka makanisani pamoja na watoto wao. Lakini hawakutoka katika kusoma. Walijenga shule zao, wakaunda mwaka 1934 chama cha shule huru kilichojulikana kwa herufi KISA, na chama kingine cha karĩng'a kando yake, na mwaka 1939 kikafunguliwa chuo cha walimu cha Githunguri. Hapa ndipo kitenzi kilipokatwa kitovu: kwa mara ya kwanza mlimani mtu aliweza kuwa mũthomi bila kuwa mtu wa misheni, na gũthoma kukaanza kumaanisha elimu kuliko dini. Serikali ya kikoloni ilielewa uzito wa mabadiliko hayo, kwa kuwa baada ya kutangaza Hali ya Hatari mwezi Oktoba 1952 ilizifunga shule huru. Gakaara wa Wanjaũ, mwandishi na mchapishaji wa Karatina aliyefungwa kizuizini miaka hiyo, aliandika shajara yake kwa Kigĩkũyũ, na kitabu kilichotokana nayo kilishinda Tuzo ya Noma mwaka 1984, ushahidi kwamba lugha ya athomi ilikuwa imekwisha kupata wasomaji wake na waandishi wake.

Kutus ya leo inaishi na maana zote hizo zikiwa zimerundikana. Mji huu wenye ofisi kuu za serikali ya kaunti una pia Chuo Kikuu cha Kirinyaga, kilichopata hati ya kujitegemea mwaka 2016 baada ya kuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia. Mtu akiulizwa habari za kijana wake na akajibu kwamba anasoma Kutus, hakuna anayedhani kijana ameshika kitabu saa hiyo. Kitenzi kimetaja hali ya maisha inayodumu miaka kadhaa, kama Mwingereza anaposema kwamba mtu "anasoma" sheria katika chuo kikuu. Akisema "amesoma", bila kutaja alichosoma, ametoa sifa ya mtu mzima. Na kauli ya kutendea, somea, hubeba mahali, sababu na taaluma kwa pamoja, kwa kuwa mtu husomea Kutus, husomea uhasibu, na mshtakiwa husomewa mashtaka mahakamani.

Hata hivyo, uzito wote wa kitenzi hiki umekaa katika kauli ya kutendesha. Kwa kanuni za sarufi, kusomesha ni kumfanya mwingine asome, na Zanzibar maana hiyo imebaki wima, kwa kuwa huko mwalimu ndiye anayesomesha. Bara, na hasa Kenya, mtendaji amebadilika. Anayesomesha ni anayelipa karo. Mama anayepanga nyanya sokoni Kutus anasomesha, mkulima wa mpunga wa Mwea anasomesha, shangazi aliye Nairobi anamsomesha mtoto wa kaka yake, na Kigĩkũyũ kimefuata nyayo hizohizo kwa kitenzi cha gũthomithia. Wala mtendaji si lazima awe mtu, kwa maana ni kawaida kabisa kusikia mzee wa Kirinyaga akisema kwamba kahawa ndiyo iliyowasomesha watoto wake, na sentensi hiyo haimshangazi yeyote, ingawa mti hauna ubao wala chaki. Kiingereza hakina neno moja linaloweza kuibeba maana hiyo kutoka katika "read", na mfasiri hulazimika kuizungusha kwa maneno manne au matano.

Maana hii haikuzuka kwa bahati. Elimu ya msingi ya umma ilifanywa kuwa bila malipo nchini Kenya mwaka 2003, na tangu mwaka 2008 serikali imekuwa ikilipia masomo ya shule za sekondari za kutwa, lakini mabweni, sare, vitabu na chuo kikuu viliendelea kutegemea jasho la nyumbani, na kwa miongo mingi kabla ya hapo kila darasa lilikuwa na bei. Mzazi ambaye hakuwahi kuingia shule alijua kusoma kwa njia moja tu, nayo ni kukulipia. Lugha ilimtambua. Ilimpa kitenzi ambacho kwa sarufi ni mali ya mwalimu, na hakuna hukumu iliyo ya haki kuliko hiyo katika historia nzima ya neno hili, kwa maana imemhesabu katika kazi ya kusoma mtu ambaye athomi wa mwaka 1920 wangemweka nje ya mlango. Hata kitenzi cha kuchuma, ambacho Waswahili hukitumia kwa anayevuna tunda na pia kwa anayetafuta mali, kimejiunga na safari hii: mama huchuma kahawa ili achume karo ili mwana asome, na Warumi, waliokuwa na neno moja kwa kuchuma na kusoma, wangeielewa hesabu yake.

Matumizi mengine yanazidi kuongezeka na hayahitaji maelezo marefu. Fundi wa umeme husoma mita, dereva husoma ramani, mtangazaji wa mpira humsifu kiungo aliyeusoma mchezo, na mwanasiasa huambiwa asome alama za nyakati. Katika yote haya, mtu anatazama dalili na kukisia kilichofichika nyuma yake, maana yake ni kwamba Kiswahili, kwa njia yake chenyewe na bila kuiga yeyote, kimefika mahali ambapo "rǣdan" ya Waingereza ilianzia.

Kamusi kubwa ya Kigĩkũyũ iliyohaririwa na T. G. Benson ilichapishwa mwaka 1964, na kizazi cha athomi wa kwanza wa Kabare kimekwisha kuondoka. Wapo bado wazee wa Ndia na Gĩchũgũ, maeneo mawili ya lahaja yanayounda Kirinyaga, waliosikia kwa masikio yao wazazi wao wakigombana kuhusu nani ni mũthomi na nani si mũthomi, na walio na uwezo wa kueleza lini gũthomithia lilianza kutajwa pamoja na kahawa. Wanafunzi na wahadhiri wa chuo kikuu kilicho Kutus wanaombwa waende kwa wazee hao wakiwa na daftari na kinasa sauti, wayaandike maneno yao kama yanavyotamkwa, pamoja na majina ya vijiji na miaka, kabla ya mavuno mengine mengi kupita.